Ngitili ya familia Shinyanga: majani ya Oktoba yana thamani gani?

Ukitaja kuchanganya miti na malisho kwenye ardhi ya mtu binafsi, wengi akili zinaruka moja kwa moja kwenda Brazil au Colombia, wanawaza ranchi kubwa za watu wenye hela zao, wakati Usukumani hii kitu ipo miaka na miaka na ndio uhai wa mifugo ya familia za kawaida kabisa. Nazungumzia ngitili, yaani kipande cha majani na miti kinachofungwa msimu wa mvua ili mifugo ikile kiangazi. Na kisa nachotaka tukichambue hapa ni cha Shinyanga, ile Shinyanga ya kabla ya 2012 ambayo Maswa, Meatu na Bariadi zilikuwa bado ndani yake kabla hazijakatwa kuwa Simiyu, maana takwimu nyingi zinazozungumzwa ni za mkoa ule wa zamani na usipolijua hilo utachanganya mambo.

Swali langu ni moja tu: kwa familia moja yenye eneo lake, je ngitili inalipa kwa hela, au ni jambo zuri la mazingira ambalo tunalisifia kwenye semina tu? Nimelipigia hesabu hili swali kwa njia tofauti na nitaweka hesabu yenyewe hapa chini muione, maana naona mijadala mingi inaishia "miti ni uhai" na mfugaji anabaki bila jibu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, inafanya kazi hivi. Mvua za huko ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi au Mei. Mvua zikianza, kipande fulani cha ardhi kinafungwa, hakuna ng'ombe kuingia. Majani yanaota, miti inachipua, vyote vinaachwa vikue mpaka vikaukie palepale vikiwa vimesimama. Wakati huo ng'ombe wanachungwa kwingine. Ikifika Julai au Agosti huko nje pameshakuwa vumbi tupu, hapo ndio ngitili inafunguliwa, tena haifunguliwi yote, inafunguliwa kwa vipande, kipande kikiisha ndio kinafuatia kingine mpaka mvua zirudi. Wanaotangulia kuingia mara nyingi sio kundi zima bali maksai wa kulimia, ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na waliodhoofika. Kinachofanyika hapo ni kuhamisha majani kutoka Machi, ambapo yako kila mahali na hayana bei, kwenda Septemba na Oktoba ambapo mtu anaweza kuuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi kwa sababu hana cha kumlisha. Mkishika hapo tu mmeshika nusu ya uchumi wa ngitili.

Historia kwa kifupi ili twende sawa. Shinyanga ilikuwa na misitu na mapori ya kutosha tu, ila enzi za mkoloni pori lilifyekwa sana kuondoa mbung'o, baadae ikaja pamba ikazidi kula ardhi, mifugo ikaongezeka, halafu miaka ya 70 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Mtu ameacha ngitili yake aliyoitunza na baba yake, anapelekwa kilomita kadhaa huko, ile ngitili nani ataitunza? Ikawa ya kila mtu, maana yake ikawa haina mwenyewe, ikakatwa na kuliwa ikaisha. Kufikia katikati ya miaka ya 80 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway na baadae na watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, na akina Wendelin Mlenge wakauendesha kwa miaka mingi. Jambo kubwa walilofanya ni kukaa chini na wazee na kuwarudishia nguvu ya kitu walichokijua tayari, badala ya kuwapelekea miche ya kigeni peke yake. Sheria ndogo zikasimamiwa na mabaraza ya jadi, sungusungu wakakamata wanaoingiza ng'ombe kwenye ngitili za watu, faini zikatoka.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia 2004 ilikuwa inakadiriwa zaidi ya hekta 350,000 zimerudi, kwenye mkoa wenye vijiji 833. Ila namba ambayo mimi naipenda zaidi ni nyingine: kwenye vijiji 172 vilivyochunguzwa zilikutwa ngitili 18,607 zenye jumla ya zaidi ya hekta 78,000, na katika hizo za pamoja zilikuwa 284 tu, zilizobaki zote ni za kaya. Ngitili za pamoja ni kubwa kwa hiyo zinachukua sehemu nzuri ya eneo, lakini kwa idadi hii ni habari ya ardhi za familia, familia moja baada ya nyingine imekaa ikaamua kuacha kipande bila kukilima. Na wastani wa ngitili ya kaya ulikuwa kama hekta 2.3, yaani ekari 5.7 hivi. Kadogo! Hapo ndio mahali pa kuanzia hesabu.

Kabla sijaingia kwenye hesabu yangu niseme kuhusu ule utafiti mkubwa uliofanywa na timu ya Profesa Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uliotoka 2005. Walikadiria kwamba faida zote za ngitili zina thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Hiyo namba imezunguka dunia nzima. Mimi naiamini ila inabidi uisome vizuri, kwamba humo ndani kuna kuni, majani ya kuezekea, dawa za miti shamba, asali, matunda pori, nguzo, maji, malisho, na kubwa yake ni vitu ambavyo familia inavitumia yenyewe bila kupita sokoni. Sio kwamba mtu ana dola 14 mfukoni. Mama asiyetembea tena masaa kwenda kutafuta kuni amepata faida kubwa sana, tena halisi, ila kama mzee ndiye anaamua eneo lifungwe au lilimwe mahindi, na anachokiangalia ni hela ya mkononi, ile dola 14 haitamshawishi. Ndio maana lazima tuende kwenye uamuzi wenyewe, wa mtu mmoja mwenye ekari zake 5.7.

Tuanze na majani. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 anakula malisho makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo kilo 6 na robo. Ngitili ya hekta 2.3 kwenye mvua za Shinyanga tuseme inatoa tani 2 za majani makavu kwa hekta kwa mwaka wa kawaida, hapo una tani 4.6, ila huwezi kula yote, mengine yanakanyagwa, mengine mchwa wanachukua, mengine lazima yabaki kulinda udongo, kwa hiyo chukua nusu. Zinabaki kilo 2,300. Gawanya kwa 6.25 unapata 368, yaani siku 368 za kumlisha ng'ombe mmoja. Au ng'ombe wanne kwa siku 92.

Ng'ombe wanne, miezi mitatu. Angalia hiyo vizuri. Sio kundi, kundi la ng'ombe 30 linamaliza hiyo ngitili ndani ya siku 12. Lakini ng'ombe wanne ni maksai wa plau moja, na miezi mitatu ni Agosti mpaka mwisho wa Oktoba. Kwa hiyo ngitili ya wastani ya kaya inatosha kufikisha timu ya plau kwenye mvua za kwanza ikiwa na nguvu, basi, na kwa mtazamo wangu hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko vingine vyote, kuliko hata maziwa. Usukumani kilimo ni ng'ombe. Mvua ya kwanza ikipiga, mwenye maksai wenye mwili analima wiki hiyohiyo, mwenye maksai mifupa mitupu anasubiri wiki mbili tatu wale kwanza majani mapya wapate nguvu, na mvua zenyewe ni za kuhesabu, hizo wiki mbili hazirudi.

Miti inaingia wapi hapo? Majani yaliyokaukia shambani mpaka Septemba protini yake imeshuka sana, ikishuka chini ya asilimia 7 hivi tumbo la ng'ombe linashindwa hata kuyasaga vizuri, anakula anashiba lakini anakonda. Migunga inadondosha maganda ya mbegu kipindi hichohicho cha kiangazi, na yale maganda yana protini nyingi kuliko nyasi kavu. Ukiingia kwenye ngitili iliyofunguliwa wakati huo utaona mwenyewe, ng'ombe akishaingia hashiki majani kwanza, anakwenda moja kwa moja chini ya mgunga anaokota maganda moja moja kwa ulimi, anahamia mti mwingine, na mchungaji yuko na mti mrefu wenye kulabu anatikisa matawi mengine yadondoke, ndama wanakimbilia. Kiganja cha maganda hapa na pale kinafanya yale majani makavu yasagike tumboni. Mizizi ya mgunga inakwenda chini sana, kwa hiyo hata mwaka ambao nyasi zimeota nusu, maganda na majani ya mti bado yapo. Nyasi peke yake inafeli mwaka wa ukame, miti inabakiza kitu.

Sasa hela. Hizi bei ni za mfano, wewe weka za kwenu. Upande wa kwanza, mzee anaamua kufyeka ngitili alime mahindi ekari zote 5.7. Gharama za kulima, mbegu, palizi na kuvuna tuweke shilingi 110,000 kwa ekari, jumla 627,000. Mwaka mzuri anapata gunia 7 kwa ekari, gunia 40, lakini mwaka mzuri bei iko chini maana kila mtu amevuna, tuseme 45,000, anaingiza 1,800,000 na kubaki na 1,173,000. Mwaka wa katikati gunia 4 kwa ekari, gunia 23 kwa 60,000 ni 1,380,000, anabaki na 753,000. Mwaka mbaya gunia moja kwa ekari, tuseme gunia 6 kwa 80,000 ni 480,000, amekula hasara ya 147,000. Ukichukua miaka hiyo mitatu wastani wake ni kama 593,000 kwa mwaka.

Upande wa pili anaibakiza ngitili, na ana shamba lake lingine la ekari 8 la kulima. Hapa watu wengi wanakosea wanahesabu hela yote ya kukodisha plau kama faida ya ngitili, hapana, maksai wangekuwepo hata bila ngitili, tofauti ni nguvu zao. Tuseme maksai wenye afya wanalimia majirani ekari 12 kwenye msimu na waliokonda wanalima 4. Tofauti ni ekari 8, kila moja 40,000, toa 10,000 ya vijana wanaoshika plau, inabaki 240,000. Majani ya kuezekea, nguzo na kuni tuweke 200,000. Ulinzi na usumbufu wa kufukuza ng'ombe wa watu toa 100,000. Hapo tuko kwenye 340,000, na ukisimama hapa mahindi yanaishinda ngitili bila ubishi. Ila bado hujahesabu shamba lake mwenyewe. Ekari 8 zilizolimwa mvua ya kwanza badala ya wiki mbili baadae, tuseme zinaongeza gunia moja kwa ekari. Mwaka mzuri ni 360,000, mwaka wa katikati 480,000. Jumla mwaka mzuri 700,000 na mwaka wa katikati 820,000.

Mwaka mbaya ndio wa kuangalia kwa makini. Nyasi zinashuka, tuseme tani moja kwa hekta, zile siku 368 zinakuwa 184, maksai wanne siku 46. Anaifungua katikati ya Septemba badala ya Agosti. Lakini anawavusha. Jirani asiye na ngitili anauza maksai wawili Oktoba wakiwa mifupa ili anunue chakula na kupunguza midomo, halafu mwakani anawanunua wengine kwa bei kamili, tofauti hapo tuweke 250,000 kwa kila mmoja, kwa hiyo 500,000 ambayo mwenye ngitili hajaipoteza. Plau ileile 240,000, shamba lake kuwahi tuongeze nusu gunia tu kwa ekari ni gunia 4 kwa 80,000 yaani 320,000, mazao ya miti 150,000, na ulinzi upande uwe 150,000 maana mwaka wa njaa kila mtu anaitolea macho ngitili yako. Jumla 1,060,000. Wastani wa miaka mitatu ni 860,000.

Kwa hiyo 860,000 dhidi ya 593,000. Hata ukiweka miaka miwili mizuri na mmoja mbaya, ngitili inakuja 820,000 na mahindi 733,000, bado inashinda ila kidogo. Na oneni jinsi zilivyogawanyika: mwaka mzuri mahindi yanaiacha mbali sana, kama laki nne na nusu hivi zaidi, ila mwaka mbaya mahindi yanakudai na ngitili inakulipa zaidi ya milioni. Kwa familia ambayo haina akiba benki wala bima, hela ya mwaka mbaya ni kubwa kuliko hela ileile ya mwaka mzuri, maana ndio inayozuia usiuze vitu vya kuzalishia.

Lakini jamani hesabu hiyo yote inategemea kitu kimoja na lazima nikiseme wazi. Toa lile gunia moja kwa ekari la kuwahi kulima, na lile nusu gunia la mwaka mbaya, wastani wa ngitili unashuka mpaka 473,000 hivi na mahindi yanashinda. Maana yake ngitili hailipi kama kitu kinachojitegemea pale peke yake, inalipa kwa sababu imeunganishwa na maksai na maksai wameunganishwa na shamba. Ndio maana nasema ukilinganisha ekari ya ngitili na ekari ya mahindi kama vitu viwili vinavyoshindana unakosea swali, ile ngitili ni gharama ya kulima yale mahindi, na usipoilipa kwa ekari utailipa kwa kuchelewa.

Na hapo tunafika kwa mtu ambaye hana ng'ombe. Huyu ndiye ambaye sifa za ngitili huwa zinamruka. Ana ekari 5.7, hana maksai, ataikodisha kwa wenye mifugo. Akikubaliana Julai, majani yakiwa bado yapo yapo nje, atapata tuseme 500 kwa ng'ombe kwa siku, siku 368 ni 184,000, ongeza mazao ya miti 200,000, toa ulinzi 100,000, ana 284,000. Chini ya nusu ya mahindi. Mtu huyu akifyeka ngitili alime, msimwite mharibifu, hesabu yake iko sahihi kabisa. Ila mtu huyuhuyu akiweza kuifunga mpaka mwisho wa Septemba na akaikodisha wakati kila mtu anahangaika, kwa 1,500 kwa siku, ni 552,000, ukiongeza miti na kutoa ulinzi anafika 652,000 na sasa ameyapita mahindi. Eneo lilelile, majani yaleyale, tofauti ni tarehe ya kupatana bei. Kwa nini wengi wanakodisha mapema? Kwa sababu wana shida ya hela Julai, na kwa sababu wanaogopa wakisubiri mifugo ya watu itaingia usiku bila kulipa chochote. Kwa mtazamo wangu mkopo mdogo wa Julai unaolipwa Oktoba, ukichanganya na sungusungu wanaofanya kazi kweli, unaokoa miti mingi kuliko kugawa miche laki moja bure.

Na kuna kitu kinasumbua zaidi, kwamba wenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndio wenye ngitili kubwa, wengine wanakodi na kununua za wenzao, kwa hiyo faida inaelekea kwa ambaye tayari anayo. Za pamoja za kijiji zinasaidia kaya zisizo na ardhi kupata kuni na majani ya kuezekea, nazo zikigawanywa kwa watu binafsi, kama wengine wanavyotaka, hizo kaya zitabaki hazina pa kwenda. Sioni namna ya kulizunguka hilo. Ngitili za binafsi zinatunzwa vizuri zaidi kwa sababu mwenyewe anajulikana, na hapohapo ndio zinamwacha nje asiye na chake.

Gharama nyingine ambayo watu wa mjini hawaifikirii ni wanyama. Pori likirudi fisi nao wanarudi. Ule utafiti wa 2005 ulikadiria kwamba uharibifu wa wanyamapori ulikuwa unaigharimu familia kama dola 65 kwa mwaka, mbuzi na kondoo na ndama wanaoliwa. Sio hela ndogo hiyo kijijini. Faida bado zilikuwa kubwa kuliko hasara karibu kila kijiji, ila wastani haumfariji aliyepoteza mbuzi wanne usiku mmoja, na mara nyingi anayeliwa mbuzi sio mwenye ngitili bali jirani. Zizi lenye miiba ya kutosha linasaidia, na miiba yenyewe inatoka humohumo ngitili, kwa hiyo mwenye ngitili kumgawia jirani matawi ya mgunga ya kuzungushia zizi ni jambo la busara tu.

Kuhusu kuanza upya, kwa mwenye ardhi iliyochoka. Habari njema ni kwamba gharama ya kuanzisha ni karibu sifuri ya hela, visiki vingi viko hai chini na mbegu ziko kwenye udongo, ukifunga tu vinachipua, huhitaji kitalu wala kumwagilia. Gharama yako ni kusubiri, misimu miwili mitatu ya kwanza nyasi ni chache na miti ni vichaka, nguzo ndio zinachukua miaka zaidi. Kwa hiyo usifunge kile kipande chenye rutuba chenye kukupa gunia 4, funga kile kipara, kile cha mteremko kilichobebwa na maji, ambacho mahindi yanakupa gunia moja mwaka wa kawaida. Unachokiacha hapo hakifiki hata gharama ya palizi, kwa hiyo kusubiri kunakuwa rahisi. Na miti ikishakuwa mingi usiogope kupunguza. Kivuli kikizidi nyasi zinakufa, ngitili iliyobanana sana ni msitu mzuri na malisho mabovu, kwa hiyo unapunguza, unatoa nguzo na kuni, unaacha migunga mikubwa iliyotawanyika. Tatizo ni mkaa. Hela ya mkaa ni ya haraka na mjini haujawahi kukosa mnunuzi, ukikata migunga mikubwa mwaka mmoja unapata hela nyingi kuliko miaka mitatu ya malisho, na baada ya hapo maganda hakuna tena kwa muda mrefu sana.

Kuna wanaouliza, kwani kuhamisha ng'ombe si rahisi kuliko hayo yote? Wasukuma wengi walifanya hivyo, wamekwenda na mifugo Katavi, Rukwa, Mbeya mpaka Lindi. Ila tuliona yaliyotokea bonde la Ihefu kule Mbeya 2006 na 2007, watu wakaondolewa pamoja na mifugo yao, wengine wakapoteza ng'ombe njiani, na kila mkoa sasa migogoro ya wakulima na wafugaji inazidi. Kuhama kulikuwa bure wakati kuna pa kuhamia. Kila mwaka gharama ya kuhama inapanda, na kila inapopanda ile hekta 2.3 ya nyumbani thamani yake inapanda nayo.

Usalama wa ardhi ndio unashikilia yote niliyosema. Baada ya kilichotokea miaka ya 70 wazee walijifunza kwamba mti usio na mwenyewe ni wa kukatwa leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeleta hati ya hakimiliki ya kimila, Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua misitu ya watu binafsi, na Sheria ya Nyanda za Malisho ya 2010 ipo. Kwenye karatasi tuko sawa. Kijijini sasa, eneo lisilolimwa bado linaonekana kama halitumiki, na kiongozi anayetafuta pa kumpa mgeni au pa kujenga kitu anaanza kuangalia ngitili ya mtu. Mwenye ngitili bila hati analazimika kulima kidogo pembeni kila mwaka kuonyesha kwamba ni pake, na ile "kidogo" inaongezeka.

La mwisho ni urithi, na hili halijadiliwi kabisa. Mzee ana ngitili ya hekta 2.3 na vijana watatu. Ikigawanywa kila mmoja anapata ekari 1.9, ambayo ni siku 122 za kulisha ng'ombe mmoja, yaani kila kijana analisha maksai mmoja miezi minne, na maksai mmoja hakokoti plau. Kwa hesabu tuliyoifanya huko juu faida karibu yote imeyeyuka hapo, na kila kijana atafyeka cha kwake alime mahindi. Ila sheria ileile ya 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila iandikwe kwa familia au kikundi, sio lazima mtu mmoja mmoja. Wanaweza kuiacha nzima kwa jina la familia, wakagawana siku badala ya ardhi, timu moja ya plau inayolima mashamba yote matatu kwa zamu na kila mmoja akijua zamu yake na nani anaanza mwaka huu. Binti aliyeolewa jirani naye anaweza kuwa na siku zake 60 humo akazikodisha Oktoba. Hayo yaandikwe mzee akiwa hai na mbele ya halmashauri ya kijiji, na yaandikwe kwa siku za ng'ombe, sio kwa hatua za miguu.